Homa ya siku ya tisa: kisa cha mama wa kemo aliyeuguzwa nyumbani

Kipimajoto kilisoma 38.4 saa 5:20 usiku. Binti akakifuta, akakirudisha kwapani kwa mama yake, kikasoma 38.5. Alijua maana yake. Mimi ndiye niliyemfundisha siku saba nyuma, tumekaa mkekani ndani ya chumba hichohicho: mgonjwa wa kemo, yaani dawa kali za saratani, akifika 38 hatulali, tunakwenda hospitali. Pamoja na hayo, dozi ya kwanza ya dawa ya mshipa ya kuua bakteria iliingia mwilini mwa mama yule saa 6:50 mchana wa siku iliyofuata. Ni saa 13 na nusu. Hospitalini tunataka zisizidi dakika 60 tangu mgonjwa avuke mlango.

Nimezifikiria saa hizo kwa muda mrefu. Naziandika kwa ajili ya manesi wenzangu wanaofuata wagonjwa majumbani na kwa ajili ya familia zinazouguza, kwa sababu usiku ule hakuna aliyezembea. Kila mtu alifanya alichoamini ni sawa, na mama nusura afe. Baadhi ya mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Nitamwita Mama, mwanawe Binti, na kaka yake Mjomba, kama nilivyozoea kuwaita mle ndani.

Waliokuwamo

Mama ana miaka 52, mkulima wa korosho kutoka Newala. Uvimbe wa titi la kushoto alikaa nao zaidi ya mwaka kabla hajauonyesha kwa mtu. Kinyama kilipopimwa Dar es Salaam ikaonekana ni saratani hatua ya tatu, na madaktari wakaamua aanze kemo kabla ya upasuaji ili uvimbe unywee kwanza: doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, mara nne, kila baada ya siku 21, kisha paklitakseli. Wagonjwa wengi wa mikoani hupitia njia hii. Huja mjini kwa ajili ya dripu ya siku moja, halafu wiki tatu zinazobaki hukaa kwa ndugu, kwenye chumba ambacho hakuna daktari atakayekiona.

Binti amepanga vyumba viwili Gongo la Mboto. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, hurudi mara moja kwa wiki. Wana mtoto wa miaka miwili. Choo ni cha shimo, cha wapangaji wa nyumba nzima, familia tano.

Mjomba alisafiri na dada yake kutoka Newala na akabaki. Asiyewajua watu wa kule anaweza kumchukulia kama mgeni aliyekuja kusindikiza mgonjwa. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na kwa dada yake mwenyewe ndiye mtu wa kwanza kuulizwa. Fedha ya matibabu, ambayo ni fedha ya korosho, alikuwa nayo yeye. Mchana alikaa nje kwenye benchi chini ya mwarobaini, na mimi kila nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, nikaingia ndani kwa mgonjwa. Nilimpita pale mara tatu. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mimi ni muuguzi. Nafanya zamu hospitalini, na siku za mapumziko nahudumia wagonjwa majumbani. Familia ilinipata kupitia kwa mgonjwa mwingine.

Siku nane za mwanzo

Nilifika siku ya pili baada ya dripu. Binti alinisubiri uchochoroni, uso umemshuka. Mama alikuwa amekojoa mkojo mwekundu, jirani ameuona chooni kabla haujamwagiwa maji, na tayari inasemwa uani kwamba yule mgeni wa chumba cha mwisho anakojoa damu.

Ilikuwa dawa. Doksorubisini ina rangi nyekundu kama sharubati ya rozela, na kwa siku moja au mbili mkojo hutoka hivyo. Hospitalini waliambiwa, nadhani, lakini waliambiwa pamoja na mambo mengine ishirini kwenye benchi lenye watu, saa ya kuondoka, na akili ya mtu aliyetoka kuchomwa dawa ya saratani kwa mara ya kwanza haishiki mambo ishirini. Nilimweleza Mama taratibu, akatulia. Kisha akanishika mkono: "Nesi, naomba hapa nyumbani lisitajwe jina la ugonjwa huu. Waambie ni presha." Nikaona ni haki yake, na kwa kweli ni haki yake. Nikakubali. Tukakubaliana sote kwamba uani itajulikana ni presha na dawa zake.

Kwa saa 48 za mwanzo mabaki ya dawa hutoka mwilini kwa mkojo, choo kikubwa na matapishi. Kwenye nyumba ya kupanga jambo hili linataka akili kuliko vifaa. Mama alipewa ndoo yake yenye mfuniko kwa usiku, na Binti alivaa glavu kuimwaga, kwa upole isiruke, akafuatisha ndoo mbili za maji na kufunika shimo. Shuka na khanga zilizochafuka zilifuliwa peke yake, mara mbili. Mtoto akahamishiwa kulala chumba cha pili. Watu huogopa kwamba mgonjwa wa kemo anaambukiza, wakaacha kumgusa. Nilimpakata yule mtoto nikamweka mapajani kwa bibi yake, nikawaambia wote: kumkumbatia, kula naye, kukaa naye hakuna shida. Tunachokwepa ni majimaji yake kwa siku mbili hizi, basi.

Kutapika kulimwandama siku ya pili na ya tatu. Alikuwa na vidonge vya ondansetroni na deksamethasoni, ila alivimeza baada ya kichefuchefu kuanza, navyo hutoka vilevile vilivyoingia. Tuliandika saa za kumeza kwenye karatasi: dawa nusu saa kabla ya chakula, hata kama hajisikii vibaya. Siku ya nne aliweza uji wa mchele usio na maziwa, na jioni akaomba ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwao. Mjomba alikuwa amekuja na fuko la ming'oko kutoka nyumbani, Binti akaichemsha, Mama akala nusu sahani akilia kidogo. Sijui chakula chochote cha mgonjwa kilichonifurahisha kama kile. Harufu ya samaki wa kukaanga ilimshinda, kwa hiyo jiko likahamia upande wa pili wa ua. Kijiko cha bati kilimpa ladha ya chuma mdomoni, tukatumia cha plastiki.

Mdomo ulianza kuuma siku ya sita. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kusukutua kila baada ya mlo na kabla ya kulala, mswaki laini, pilipili iache. Mambo madogo, lakini kidonda cha mdomo ni mlango wa vijidudu, na siku hizo mwili haukuwa na mlinzi wa mlangoni.

Hapo ndipo penye kiini cha kemo ya nyumbani. Dawa hizi huua chembe zinazogawanyika haraka: za saratani, za nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na zile za kwenye uboho zinazotengeneza damu. Chembe nyeupe zilizomo mwilini siku ya dripu huendelea kufanya kazi, kisha huisha zenyewe bila za kuzirithi. Ndiyo maana mgonjwa hujisikia nafuu kuanzia siku ya tano, anaanza kula na kutembea, na wakati huohuo kinga yake inateremka. Kwa dawa alizopata Mama, chini kabisa ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Familia hulegea pale ambapo hatari ndiyo inaingia. Nilimwambia Binti hivyo, nikampa kipimajoto, akajifunza kukisoma, akanisomea mara tano mfululizo bila kukosea. Nikampa namba yangu. "Saa yoyote, nipigie."

Niliondoka siku ya nane nikiwa nimeridhika.

Usiku wenyewe

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano na nilikuwa zamu ya usiku. Wodini kwetu simu hukaa kabatini. Binti alipiga saa 5:25, 5:31, 5:50 na 6:40.

Aliposhindwa kunipata akamwamsha Mjomba, akamwambia tunatakiwa kwenda hospitali sasa hivi. Mjomba akamgusa dada yake paji la uso. Kisha akasema maneno ambayo, katika nyumba nyingi za nchi hii, ndiyo maneno ya mtu mwenye busara: hii ni malaria, mvua za vuli zimeanza, mbu wamejaa. Mpeni panadoli, kukicha apelekwe kupimwa. Barabara ya usiku ina vibaka. Na aliwahi kumpeleka mtu hospitali saa nane za usiku wakakalishwa kwenye benchi mpaka asubuhi, akaona ni yaleyale, heri mgonjwa alale kitandani kwake.

Binti alisema, "Lakini nesi alisema." Mjomba akamjibu kwa upole kwamba nesi hayupo.

Walimpa panadoli mbili. Saa 11 alfajiri kipimajoto kilisoma 37.1, nyumba nzima ikashusha pumzi. Saa moja asubuhi walimpeleka zahanati ya mtaani. Akatobolewa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha hakuna malaria. Kwa vile hakuna aliyetaja saratani wala kemo, maana tulishakubaliana ni presha, mhudumu alimtibu kama mtu mwenye homa na maumivu ya mwili: sindano ya diklofenaki takoni na vidonge vya amoksilini vya kwenda kumeza nyumbani. Simlaumu. Alimtibu mgonjwa aliyeelezwa.

Niliwasha simu saa mbili. Nilifika kwao saa nne asubuhi na Binti akanipokea kwa furaha: "Homa imeshuka, dada, ni 37.4." Mama alikuwa amelala kiubavu, jasho jembamba usoni, midomo mikavu. Nikashika mkono. Mapigo 128 kwa dakika, vidole vya miguu vya baridi, presha 84 kwa 50. Alijibu nilipomwita, ila alikawia, kama mtu anayesikia kutoka mbali.

Tulichukua teksi. Foleni ya Barabara ya Nyerere ilikuwa ileile ya kila siku. Hospitalini tulipoteza kama dakika 40 dirisha la kadi, kwa sababu kipimajoto cha mapokezi nacho kilisoma 37.6 na mgonjwa asiye na homa hupanga foleni. Nilipomwonyesha daktari presha ndipo mambo yalipokwenda haraka: maji ya mshipa, damu ya vipimo, viuavijasumu. Majibu yalikuja jioni. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazokabili bakteria, zilikuwa 200 kwa kila maikrolita ya damu. Chini ya 500 tunahesabu kuwa mwili hauna ulinzi. Chembe sahani za kugandisha damu nazo zilikuwa zimeshuka, na tako lilipochomwa sindano lilikuwa na donge jeusi la damu upana wa kiganja.

Alilazwa siku nane, tatu za kwanza akiwa mahututi.

Zilikwenda wapi

Nikizipanga saa 13 na nusu kwenye karatasi, dakika 40 ni za dirisha la kadi, saa mbili hivi ni za kujiandaa na foleni ya barabarani, na saa mbili ni za mimi kumaliza kukabidhi zamu na kusafiri. Nyingine zote zilikwenda kwa homa iliyofichwa. Panadoli haikuponya kitu, ilishusha namba tu. Diklofenaki ikafanya vivyo hivyo, na zaidi ya hapo ikamletea hatari ya kutoka damu na kuumiza figo. Ndiyo sababu tunasema mgonjwa wa kemo asimeze cha kushusha homa kabla hajapimwa, na akishapimwa akakutwa na 38, panadoli si ruhusa ya kusubiri. Binti alilijua hilo. Nilimwambia.

Kwa wiki kadhaa nilijieleza kisa hiki hivi: mila na malaria vilishinda elimu. Maelezo hayo yalinipa nafuu kwa kuwa yaliniweka mimi upande wa elimu. Sasa naona nilijidanganya.

Mjomba hakukataa ushauri wangu. Hakuwahi kuupata. Nilimfundisha mtu mwenye mikono, aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mgonjwa, nikampita mwenye kauli kwenye benchi na shikamoo yangu. Binti alikuwa na kipimajoto, maarifa na nia. Hakuwa na nauli, na hakuwa na ruhusa ya kumtoa mama yake nje saa sita za usiku mbele ya mjomba wake. Mafunzo yangu yalimpa uchungu tu: alijua kinachotokea na akakaa kukitazama. Aliniambia baadaye kwamba alikaa macho mpaka asubuhi ameshika kile kipimajoto. Bado linaniuma.

Tena hoja ya Mjomba ilikuwa na mantiki yake. Mtu aliyezika ndugu kwa malaria, akatibu malaria maisha yake yote, homa ikitokea wakati wa mvua atafikiri malaria. Kinachotakiwa kumfikia mtu huyo ni habari moja mpya: kwamba dada yake kwa siku hizi chache si mwili ule anaoujua. Kwake yeye, hata malaria ikiwapo kweli, bado maambukizi ya bakteria yanaweza kuwapo pamoja nayo na yakaua ndani ya siku moja. Kipimo cha malaria kikisoma ndiyo au hapana, safari ya hospitali haibadiliki. Kuna lingine ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau: kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo jibu la "ndiyo" peke yake halimwondoi bakteria kwenye hesabu.

Halafu ipo ile siri. Tulipokubali kuiita presha tulimlinda Mama na maneno ya uani, na maneno yale yanaumiza, sitaki mtu ayadharau. Lakini siri ileile ndiyo iliyomfanya mhudumu wa zahanati asijue anayemchoma sindano ni nani. Na ndiyo iliyomfanya Binti asimgongee mpangaji mwenzake, ambaye ana bajaji, inayolala hapohapo uani hatua kumi kutoka kitandani kwa mgonjwa. Siri ingeweza kuwa na mipaka. Sikuwauliza mipaka iwe wapi.

La mwisho ni simu yangu. "Saa yoyote, nipigie" ni ahadi ambayo muuguzi mwenye zamu hana haki ya kuitoa peke yake. Uingereza mgonjwa wa kemo hupewa kadi ya kutembea nayo na namba ya simu inayopokelewa saa 24, na mwongozo wao wa mwaka 2012 unataka aliye kwenye dawa za saratani akishukiwa kuwa na maambukizi ya namna hii aanzishiwe viuavijasumu mara moja, kabla ya kusubiri majibu. Namba ile hupokelewa na yeyote aliye zamu. Mimi nilijifanya namba ile, nami ni mtu mmoja mwenye kabati la kufungia simu.

Kemo ya pili

Iliahirishwa kwa wiki moja mpaka damu ikae sawa. Kabla ya siku yake nilikwenda Gongo la Mboto, nikaamkia kama kawaida, na safari hii nikakaa kwenye benchi.

Nilimweleza Mjomba dawa inafanya nini kwenye uboho, siku gani chembe hushuka, kwa nini panadoli ilitudanganya. Hakujitetea. Alinyamaza, akaniuliza kama zile saa za usiku zingeweza kumuua dada yake. Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia, akaiweka magotini. Baada ya muda akaanza kuzungumzia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaotia unga mweupe kwenye maua: ukiuona ukasema nitapulizia salfa wiki ijayo, msimu umeondoka. Tangu hapo sikuhitaji kueleza kitu cha haraka tena.

Jioni tulikaa kikao, Mama akiwa ameegemea mto, Binti, mumewe kwa simu, Mjomba, nami. Nililoomba lilikuwa moja. Uamuzi wa usiku tuufanye sasa, mchana huu, wote tukiwa na akili zetu. Mjomba akasema mbele ya wote: kipimajoto kikisoma 38, anayekiona ndiye anayeamua, asimwamshe mtu kumwomba ruhusa, ruhusa ameshaitoa. Hata kama haijafika 38 lakini anatetemeka kwa baridi au amebadilika namna anavyoongea, ni vilevile. Kwa vile tunapima kwapani, ambako husoma chini kidogo ya joto lenyewe la mwili, tukakubaliana 37.8 ihesabiwe kama 38.

Shilingi 40,000 ziliingia kwenye bahasha, bahasha ikapigiliwa msumari nyuma ya mlango. Haikuruhusiwa kuguswa hata kwa unga. Mama mwenyewe alichagua watu wawili wa kuambiwa ukweli: mwenye bajaji na mke wake. Yule kijana aliitika kwa neno moja tu, na kuanzia siku ile akawa anaegesha bajaji imeelekea barabarani. Daktari alituandikia barua fupi yenye tarehe ya dripu, majina ya dawa, na sentensi kwamba mgonjwa huyu akija na homa au historia ya homa ni dharura hata kama kipimajoto cha mapokezi kinasoma kawaida. Ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi. Kwenye simu ya Binti kukawa na namba tatu: yangu, ya muuguzi mwenzangu ambaye zamu zetu hupishana, na ya wodi. Panadoli zote za nyumba zikahamia kwenye kopo analolitunza Binti.

Safari hii daktari aliongeza filgrastimu, sindano ya chini ya ngozi ya kuharakisha chembe nyeupe, maikrogramu 300 kila siku kwa siku saba kuanzia siku ya tatu. Hapa nesi wa nyumbani anakuwa nesi hasa. Kuchoma ni rahisi, ugumu ni kuitunza. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 na haitakiwi kuganda, na Binti hana friji. Tuliomba nafasi dukani, kwenye friji ya soda, rafu ya katikati mbali na barafu, ndani ya kopo la plastiki lenye jina. Umeme ulipokatika mchana mzima siku ya tano, mwenye duka alimpigia Binti mwenyewe. Tulihamishia kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi na vipande vya barafu, dawa ikiwa imefungwa kwa kitambaa isiguse barafu. Sindano zilimletea Mama maumivu ya kiuno na ya mfupa wa kifua. Tulikuwa tumemwambia mapema kwamba uboho ukifanya kazi kwa nguvu mifupa huuma, akayapokea. Akiumwa sana alipimwa joto kwanza, halafu ndipo kopo la panadoli likafunguliwa.

Kemo ya pili ilipita bila homa. Nywele zilikuwa zimekwisha zote, alifunga kilemba cha khanga, na mjukuu alizoea kukivuta.

Kemo ya tatu, siku ya 12

Saa 8:10 usiku Mjomba alisikia dada yake akigonganisha meno. Alikuwa ameshajifunza kusoma kipimajoto. 38.2. Aliugonga mlango wa mwenye bajaji kabla hajamwamsha Binti, akachomoa bahasha msumarini, akachukua mfuko wa plastiki. Simu yangu ilikuwa kabatini tena. Aliyepokea ni mwenzangu, naye akapiga wodini kusema wanakuja.

Saa 9:05 walikuwa mlangoni pa hospitali. Mjomba alitoa barua ile kabla hajaulizwa jina la mgonjwa. Dawa ya mshipa iliingia saa 9:40. Saa moja na nusu tangu homa ionekane.

Neutrofili zilikuwa 1,900. Damu ilipotazamwa kwa hadubini, vimelea vya malaria vilionekana wazi. Daktari aliuliza mara ya mwisho alimeza lini ondansetroni, kwa kuwa dawa hiyo pamoja na mseto wa malaria huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kisha akaanzishiwa mseto pale wodini, akiwa bado na viuavijasumu mpaka majibu ya kuotesha damu kutafuta bakteria yatoke. Siku ya tatu aliruhusiwa.

Niliwafuata nyumbani jioni ile. Mjomba aliponiona alisema, "Ilikuwa malaria, mwanangu." Alisema taratibu, kama anayeuliza. Nikamwambia kwa neutrofili 1,900 au 200, pale chumbani saa nane za usiku hakuna jicho lingeweza kutofautisha, na alichofanya ndicho. Akaitikia kwa kichwa. Akaenda chumbani, akahesabu noti kwenye bahasha zilizobaki baada ya nauli, akaongeza zilizopungua, akairudisha msumarini.